Pazia la Bwana Mendel

Mtu akikuambia kwamba kutunza nyumba ya ibada ni kufagia tu, mpe fagio umwangalie. Mimi nimestaafu mwezi uliopita. Funguo nimezikabidhi, koti la kazi nimelirudisha, na ninyi wenzangu mnaobaki mmenisumbua niandike nilivyojifunza kazi hii. Haya. Vyeo sitavitaja kwa kuwa cheo changu kilikuwa fagio, baadaye kikawa fagio na ngazi. Nitaanzia kwenye sinagogi la Nakuru, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kwa sababu ndiko nilikofundishwa kumsikia mtu hata pale ambapo hajasema.

Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Tuliishi kwenye zile nyumba za reli tulizoziita landhi, chumba kimoja, sisi wote pamoja na kuku wa mama. Sisi ni Wabukusu wa Kimilili na dini yetu ni ya Kikwekeri, ile ambayo watu huketi kimya mpaka mmoja apate la kusema. Wakati ule sinagogi lilitafuta msaidizi wa mtunzaji wake, Mzee Kamau, mtu mfupi, mkavu, aliyetembea na kikopo cha mafuta mfukoni kwa ajili ya bawaba za milango. Baba aliposikia ni nyumba ya Wayahudi aliniuliza swali moja tu: "Si hao ndio watu wa Musa?" Nikasema nadhani ndio. "Basi nenda. Ukimwona Musa msalimie."

Siku ya kwanza niliingia nikavua kofia, kama nilivyolelewa. Mzee Kamau akaniangalia kama mtu aliyevua suruali.

"Rudisha kofia kichwani, kijana."

"Mzee, si hii ni nyumba ya Mungu?"

"Ndiyo. Na hapa Mungu anasalimiwa na kofia. Usianze kubishana naye siku ya kwanza."

Nikaivaa. Saa hiyo hiyo nikataka kuonyesha bidii. Kwenye mwimo wa mlango kulikuwa na kidude chembamba cha shaba, urefu wa kidole, kimepigiliwa kikiwa kimepinda upande. Nikaenda kutafuta bisibisi ili nikinyooshe. Mzee Kamau alinishika mkono skrubu ya kwanza ikiwa nusu. Kile kinaitwa mezuza, akanieleza. Ndani yake kuna kipande cha ngozi kilichoandikwa kwa mkono kwamba Mungu ni mmoja, na kwamba mtu ampende kwa moyo wake wote. Kila nyumba ya Myahudi ina kimoja mlangoni, na anayepita hukigusa. Nikauliza kwa nini basi hawakukipigilia wima. Hapo hata Mzee Kamau hakujua. Aliyenijibu baadaye ni Bwana Harry, mwenye gereji, aliyezaliwa hapa hapa nchini na kujua Kiswahili vizuri kuliko wenzake wote. Alisema wakubwa wao wa kale walibishana: mmoja alisema kisimame, mwingine alisema kilale. Mwisho wakakiweka mshazari, kila mmoja apate kidogo.

"Kwa hivyo kimepinda kwa sababu ya amani," Bwana Harry akasema. "Usikinyooshe."

Nililiona jambo la kuchekesha. Sikujua kwamba siku moja nitalihitaji.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mbele ya ukumbi kulikuwa na kabati lenye pazia la mahameli, na ndani yake gombo la Torati, vitabu vitano vya Musa, limeandikwa lote kwa mkono kwenye ngozi. Kabati nilipangusa, gombo sikuligusa. Hakuna picha, hakuna sanamu, kwa hivyo vumbi halikuwa na pa kujificha. Taa moja mbele ya kabati haikuzimwa kamwe. Kulikuwa na jiko dogo lenye vyombo vya aina mbili, vya nyama na vya maziwa, na ole wako ukiviosha pamoja, maana kwao nyama na maziwa havikutani, wala nguruwe haingii kabisa. Siku ya Upatanisho walifunga kutwa nzima wakiomba msamaha, kwa Mungu na hata kwa jirani. Pasaka yao walikula mkate usio na chachu, wakikumbuka babu zao walivyotoka utumwani Misri mbio mbio. Mke wangu alipouonja alisema ni chapati iliyosahauliwa juani. Masihi wao bado wanamngoja. Baba alilisikitikia hilo, lakini akasema watu wanaojua kungoja hawawezi kuwa watu wabaya.

Kubwa kuliko yote ni Sabato. Inaanza Ijumaa jua likizama na kuisha Jumamosi usiku, na ndani yake hakuna kazi: hawawashi moto, hawagusi swichi. Ijumaa yangu ya kwanza watu walikuwa wameanza kuingia, na taa za ukumbi tulikuwa tumesahau kuziwasha. Bwana Mendel, mzee wao, akanijia.

Huyu Bwana Mendel lazima mumjue. Alikuwa na duka la mbegu na majembe, ndevu nyeupe, na Kiswahili cha kuchanganyachanganya kama wazungu wengi wa huku nyanda za juu. Alitoka nchi ya baridi iitwayo Lithuania. Kwa kuwa hawakuwa na rabi, yaani mwalimu wa dini, yeye ndiye aliyeongoza sala.

"Wekesa," akasema, "iko giza."

"Ndiyo, Bwana. Kuna giza."

Akangoja. "Giza mingi."

"Mingi sana, Bwana."

Mzee Kamau alinikanyaga mguu, akapita nyuma yangu, akawasha taa. Baadaye, tukiwa nje, alinifundisha somo ambalo nimekula nalo maisha yangu yote.

"Siku ya Sabato hawashi, wala hamtumi mtu amwashie. Lakini akisema kuna giza, amekutuma?"

"Hapana."

"Amekupa habari. Wewe ukiwasha, umewasha kwa sababu na wewe una macho. Wekesa, kazi hii ni ya masikio. Kufagia hata kuku anafagia."

Jambo la pili alilonifundisha ni kutohesabu watu. Sala zao kubwa zinataka wanaume kumi waliokomaa. Tisa hata wawe watakatifu hawatoshi. Lakini mtu hanyooshewi kidole na kuitwa mmoja, wawili, watatu. Hilo halikunishangaza, maana mama yangu hakukubali mtu ahesabu watoto wake, wala vifaranga. Mzee Kamau naye alisema Wakikuyu wakifika kumi hawaitaji, husema tisa iliyojaa. Wayahudi wana njia yao: huchukua mstari mmoja wa Zaburi ambao kwa Kiebrania una maneno kumi, wakampa kila mtu neno lake. Mstari ukiisha, watu wametimia.

Mzee Kamau sikukaa naye sana. Hali ya Hatari ilipotangazwa kwa ajili ya Mau Mau, Wakikuyu wa Bonde la Ufa walianza kuondolewa kwa malori kurudishwa kwao. Lori la mtaa wake lilikuja asubuhi. Alipita kwangu na mzigo mmoja, akanipa funguo na kile kikopo. Yeye akasema, "Bawaba ya mlango wa nyuma usiisahau," akaenda. Nililia nikiwa kwenye stoo, mlango nimefunga. Uhuru ulipokaribia alikuja kunitembelea, mzee zaidi na mkavu zaidi, na kabla ya kunisalimia aliufungua mlango wa nyuma na kuufunga, asikie kama unalia.

Basi nikabaki peke yangu na Wayahudi wa Nakuru, ambao hawakuwa wengi: wenye mashamba ya Molo, Solai na Naivasha, wenye maduka, na waliokimbia Hitler. Nilidhani Wayahudi ni wamoja kama kifungu cha kuni. Bwana Harry alicheka niliposema hivyo. Alikuwa amesoma Amerika na alipenda kukaa kwenye benchi nililomaliza kulipaka nta.

"Ninyi Wakristo muna Wakatoliki, Waanglikana, Wakwekeri. Sisi je? Umwangalie Mendel. Yeye ni Othodoksi. Anasema sheria yote imetoka kwa Mungu, kubwa na ndogo, mtu hana ruhusa ya kupunguza. Kwa hivyo hapandi gari Sabato, na wanawake wanakaa kando na wanaume. Halafu daktari Ludwig. Huyo ni wa Mageuzi. Anasema Mungu ni yule yule, lakini sheria nyingine zilikuwa za zamani zao, na kila kizazi kichague kwa akili na dhamiri. Kwao Berlin walipiga kinanda kwenye sala, waliomba kwa Kijerumani, na bwana na bibi walikaa benchi moja."

"Na wewe, Bwana Harry?"

"Mimi ni wa katikati. Wahafidhina, wanatuita. Sheria tunaishika, lakini tunakubali kwamba inatembea, polepole. Mimi Jumamosi nakuja na gari, lakini naegesha kule nyuma, Mendel asilione."

Daktari Ludwig alikuwa daktari wa mifugo, mrefu, mwenye harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Sinagogi letu lilifuata mtindo wa Bwana Mendel. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na benchi za wanawake, na mbele yake pazia jeupe kwenye fimbo ya shaba, ambalo nililifua mimi. Sabato moja daktari alikuja na mkewe, Memsaab Hanna, akamketisha kando yake, mbele. Bwana Mendel alisimamisha sala. Hakupaza sauti. Alisimama tu, kitabu kimefungwa, macho chini, mpaka kila mtu akaelewa. Memsaab Hanna akawa mwekundu. Daktari akachukua kofia yake, akamshika mkewe mkono, na pale mlangoni akaniambia mimi, kama vile mimi ndiye niliyeuliza: "Mimi apana rudi hapa mpaka hii kitambaa natoka." Hakurudi. Mwaka ukapita, na mwingine. Mjini yeye na Bwana Mendel wakikutana waligusa kofia zao tu, kama watu wa benki.

Katikati ya hayo mke wa Bwana Mendel, Memsaab Rivka, akafariki. Alikuwa mama mpole aliyeniita "mwanangu" kwa Kiswahili na kunilazimisha kula supu. Yeye na Memsaab Hanna walikuwa marafiki kabla ya ugomvi na, nadhani, hata baada yake. Kila mwaka siku ya kifo ikifika, kwa kalenda yao ya mwezi, Myahudi huwasha mshumaa unaowaka usiku na mchana, na husema Kadishi, sala ya kumkumbuka marehemu. Kadishi haisemwi peke yako. Lazima kumi.

Mjue ilivyokuwa nzito kwa mzee yule. Wazazi wake, ndugu zake, dada zake, wote waliuawa kule kwao wakati wa vita. Hana kaburi lao hata moja, wala hajui nani alikufa siku gani. Rivka peke yake ndiye aliyemzika kwa mikono yake na kuijua tarehe. Siku hiyo moja ya mwaka ndiyo aliyobaki nayo. Na mwaka ninaousimulia kifua kilikuwa kimemkamata, amekonda, duka amelifunga, na kila mtu aliona kwamba huenda mwakani hatakuwepo.

Siku ilianguka Jumatano, katikati ya mvua ndefu. Jioni ya kuanzia, yaani Jumanne, maana siku yao huanza jua likizama, barabara ya Molo ilikuwa uji, watu hawakutosha. Ikabaki sala ya alasiri ya kesho yake, kabla jua halijazama. Likizama, siku imekwisha mpaka mwaka ujao. Bwana Mendel alikuja mapema kwa fimbo, akaketi karibu na meza iliyokuwa na mshumaa wake ndani ya glasi, nao ulikuwa umeshafika chini. Watu wakaingia mmoja mmoja, wamejaa tope mpaka magotini. Bwana Harry alikuwa nje akisukuma gari la mwenye shamba wa Solai, akaniomba nisimame mlangoni nihesabu.

Nikahesabu kwa heshima, bila kidole. Mstari wao kwa Kiebrania ulikuwa umenitoka, lakini Zaburi ni Zaburi, na mimi ya Kiswahili ninaijua tangu shule ya Jumapili. Nikampa kila mtu neno. Bwana Harry alipoingia na yule wa Solai, neno la mwisho likamwangukia yeye barabara. Moyo ukanifurahi.

"Bwana Mendel, wametimia."

Mzee alifumba macho. Nilimwona akivuta pumzi kama mtu aliyetua gunia. Wakaanza. Walipomaliza zaburi ya kwanza, Bwana Harry akapitisha macho kwa desturi, midomo ikicheza, akasimama.

"Wekesa. Ulihesabu na nini?"

"Na mstari wenu, Bwana."

"Kwa Kiebrania?"

"Kwa Kiswahili."

Akayapima maneno ya Kiswahili kwa vidole, akacheka cheko la mtu anayetaka kulia. Mstari ambao kwa Kiebrania ni maneno kumi, aliyeutafsiri kwa Kiswahili alimalizia kwenye tisa. Walikuwa tisa. Wengine walicheka kidogo, kisha wakamwona Bwana Mendel wakanyamaza. Hakunikasirikia. Aliushika ukingo wa meza, akautazama mshumaa, na uso wake ukawa wa mtu anayezika mara ya pili. Sijawahi kumhurumia mtu hivyo.

Nikasema, maana hakuna mwingine aliyethubutu: "Bwana, daktari Ludwig yuko stesheni. Nimemwona nikipita, anapima ng'ombe wanaopakiwa kwenye behewa."

Kimya. Hata mimi Mkwekeri nilikiona kirefu. Dirishani jua lilikuwa limeelekea upande wa milima ya Mau.

"Kwenda," Bwana Mendel akasema mwishowe. "Ambia yeye, Mendel naomba."

Baiskeli yangu ilijua njia ya stesheni. Nilimkuta daktari mikono ya shati imekunjwa mpaka kwapani, ng'ombe mmoja akimlalamikia. Nikampa ujumbe kama ulivyo.

"Mendel mwenyewe nasema 'naomba'?"

"Yeye mwenyewe, Bwana. Ni siku ya Memsaab Rivka, na wako tisa."

Alianza kunawa mikono. Akanawa, akanawa tena. "Bibi yangu iko kwa gari pale. Yeye nalia Rivka kama dada. Mimi takuja, lakini apana weka yeye nyuma ya kitambaa. Ambia Mendel hivyo. Kama anakataa, simama kwa mlango, sisi tarudi nyumbani."

Nikatangulia mbio na lile jibu, nikaona linanizidi uzito kila nikikanyaga. Nililitoa mbele ya watu wote tisa, kofia kichwani, jasho linatiririka. Hakuna aliyemtazama mzee. Gari la daktari tulilisikia likipanda barabarani.

Bwana Mendel aligeuka polepole, akaangalia nyuma ya ukumbi.

"Wekesa. Ile pazia iko chafu."

Nikashangaa. "Bwana, nimelifua juzi."

"Iko chafu," akasema. Akangoja. "Chafu mingi."

Hapo nikausikia mguu wa Mzee Kamau juu ya wangu. Nilikimbilia ngazi, nikalitoa pazia lile jeupe lililonukia sabuni, nikalikunja chini ya kwapa kama nguo ya kufuliwa. Mzee hakuvunja sheria, hakunituma kitu. Alinipa habari. Na daktari alipoingia alikuta fimbo tupu na vishikizo vyake, mtunzaji ana kazi ya kufua, na hakuna mtu aliyeshindwa.

Memsaab Hanna alitazama benchi ya mbele. Akamtazama Bwana Mendel, jinsi koti lilivyomning'inia. Kisha kwa hiari yake akaenda akaketi nyuma, pale Rivka alipokuwa akiketi, wazi, kila mtu akimwona. Daktari akasimama kando ya mwenye gereji. Bwana Harry akahesabu kwa Kiebrania safari hii, na kila neno likapata mtu wake.

Bwana Mendel akasema Kadishi. Baadaye niliambiwa maana yake, na nikashangaa kwamba haitaji kifo hata mara moja. Inamsifu Mungu tu, toka mwanzo mpaka mwisho, kwa kinywa cha aliyefiwa. Wote wakaitikia amina. Mimi mlangoni, pazia kwapani, niliitikia pia, kwa sauti ambayo ingewashtua Wakwekeri wa Kimilili. Mshumaa ulizimika wenyewe wakati watu wakivaa makoti.

Msidhani watu hubadilika. Ijumaa Bwana Mendel aliniambia, "Naona pazia imekauka," nikalirudisha, na daktari hakuja Sabato hiyo wala nyingine. Lakini Bwana Mendel aliishi kuliko tulivyodhani, na kila mwaka siku ya Rivka ilipofika, pazia lilikuwa chafu, na daktari na mkewe walikuja.

Alifariki miaka ya hamsini ikielekea kuisha. Hakuwa na mtoto wa kumsemea Kadishi. Mwaka wake ulipotimia nilisikia kwamba daktari Ludwig amesema ataisema yeye. Watu walitosha siku hiyo, nilihesabu kwa Kiebrania. Nilipoliona gari lake nje nikachukua ngazi haraka, nikapanda, nikaanza kuchomoa kishikizo cha kwanza.

"Wekesa, nafanya nini?" Daktari alikuwa amesimama chini yangu, mkewe kando yake.

"Pazia, Bwana. Ni chafu."

Alishika upindo wa kile kitambaa, akautazama kwa muda, akausugua kwa kidole gumba.

"Apana," akasema. "Leo iko safi."

Nikashuka. Memsaab Hanna akapita nyuma, akalivuta mwenyewe.